Kulwa na Chupa Mbili

Mwone kwanza anavyofika. Jua ndiyo kwanza linachungulia, vumbi la barabara ya Kwihara bado limelala, na mwanamke wa miaka hamsini na miwili anasukuma baiskeli kwa mkono, kwa sababu kile kimwinuko cha mwisho magoti yake yameshakikataa. Anaiegemeza ukutani. Anapokea shikamoo ya mlinzi, anamwuliza kama mtoto wake amepoa homa. Ananawa mikono hadi viwikoni, anavua ndala za njiani na kuvaa nyeupe za ndani, anafunga koti la bluu. Halafu anasukuma mlango kwa bega na kusema kwa sauti ya mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu, "Mwangaluka," ile salamu ya asubuhi ya kwao.

Panya mia mbili weupe hawajibu. Ila wanasimama kwa miguu ya nyuma, pua juu, na yeye hilo linamtosha.

Huyo ndiye Kulwa Bundala. Kazini wanamwita Mama Leonia, kwa jina la binti yake aliyeolewa Nzega. Mtaani kwake Mtendeni wanamwita Mama Panya, na watoto wakimwona anapita hujiwekea vidole puani kama masharubu, naye huwajibu kwa kuwaonyesha meno mawili ya mbele. Kituo anachofanyia kazi ni cha utafiti wa dawa, majengo matatu tu yenye bati la kijani. Jina lake tuliache, halitatusaidia.

Alianza pale kama mfagizi, miaka kumi na minne iliyopita. Siku moja kijana wa maabara alikuwa anahangaika na panya aliyemng'ata mara mbili. Kulwa akaweka ufagio chini, akamshika yule mnyama kwa ngozi ya shingo, akamlaza chali kwenye kiganja, na panya akatulia kama mtoto aliyebebwa na bibi yake. Daktari Modest, mkuu wa maabara, aliliona hilo kupitia dirisha. Wiki iliyofuata ufagio akapewa mtu mwingine.

Akafundishwa kuwanywesha dawa. Kinatumika kijibomba cha chuma chenye kichwa cha mviringo mfano wa punje ya mtama, unakipitisha mdomoni mpaka tumboni. Ukiharakisha unatoboa koo. Ukisita, dawa inaingia mapafuni. Miaka yote hiyo Kulwa hajatoboa koo hata moja.

Sasa nirudi nyuma kidogo, usinichoke, maana bila hili hutamwelewa.

Walizaliwa wawili, yeye na Doto, katika kijiji cha upande wa Sikonge, ambako baba yao alitundika mizinga ya magome porini. Majina hayo kwetu hayachaguliwi: pacha wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, basi. Mama yao, Eustadia, aliwalea kwa sheria yake mwenyewe kwamba kisichogawanyika hakiingii ndani. Mgeni akija na andazi moja, linakatwa. Shangazi akileta gauni moja, anaondoka nalo. Na kwenye dawa ndiyo kabisa hakuwa na mzaha. Doto akishikwa na malaria, akinyweshwa vidonge vichungu vilivyopondwa, Kulwa mzima wa afya aliitwa alambe kijiko. Kidogo tu, ulimi uonje. Eustadia aliamini ukimtibu pacha mmoja ukamwacha mwenzake, yule aliyeachwa anajiona hakuzaliwa, naye huondoka. Majirani walimcheka. Lakini watoto wake wote wawili walikua, na wakati ule, kwa kijiji kile, halikuwa jambo dogo.

Walipokua wakahamia mjini Tabora; Kulwa alikwenda kufagia, Doto akauza michembe sokoni, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo mteja wa Doto alivinunua pamoja na matusi. Alikuwa na ulimi wa watu wawili. Mteja akisema michembe ni migumu, Doto anamwuliza kama meno ni yake au ameazima.

Mwaka juzi akagundulika na saratani ya mlango wa kizazi. Akapelekwa Mwanza, akapigwa mionzi siku ishirini na tano. Mionzi ikafanya ilichotumwa. Uvimbe ulinywea, wote wakafurahi. Ila utumbo ni jirani wa pale, na nyumba ikichomwa jirani naye huungua. Doto alirudi Tabora akafikia kwa Kulwa akiwa anaharisha mara nane, mara kumi kwa siku. Halafu damu. Alipewa dawa, akapewa maji ya chumvichumvi, akanywa vyote. Mwili haukushika kitu.

Daktari Modest ndiye aliyemfafanulia Kulwa kinachoendelea mle ndani. Alisema ngozi ya ndani ya utumbo ni kama lipu inayobanduka kila siku na kupigwa upya kila siku. Mafundi wake wanakaa kwenye vishimo vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona bila hadubini. Mionzi inaua mafundi. Lipu ya zamani inaendelea kubanduka kama kawaida, mpya haina wa kuipiga, na baada ya siku chache ukuta uko wazi: maji ya mwili yanamwagika kwa ndani, vijidudu vinapenya kwenye damu. Kulwa alisikiliza akiwa ameshika kizimba kifuani. Akauliza swali moja tu, kama mafundi wakibaki wachache wanaweza kuzaa wengine. Modest akasema hicho ndicho anachokitafuta.

Alikuwa ameanza kukitafuta kabla Doto hajaugua. Dawa yake ilitokana na gundi ya nyuki, ule utomvu wa kahawia ambao nyuki huziba nao nyufa za mzinga. Aliijaribu kwa panya wachache akaona dalili. Sasa likapangwa jaribio kubwa ambalo wakubwa wa mbali wangelitazama, waamue kama dawa iendelee kwa wanyama wengine na, siku moja, kwa watu, au iachwe.

Panya dume sitini, ndugu kwa ndugu. Kutoka kila tumbo wanachukuliwa wawili wanaofanana. Wote wanalazwa usingizi, wote wanapigwa mionzi tumboni kwa kipimo kilekile, kwenye chumba cha kuta nene. Kesho yake wanatenganishwa. Mmoja ananyweshwa chupa A, mwingine chupa B. Moja ni dawa, nyingine ni maji yaliyotiwa rangi na uchungu ili yafanane nayo. Ipi ni ipi alijua Modest peke yake, na karatasi aliifungia ndani ya bahasha. Hata Najiat, binti wa hapo mjini aliyeendesha mashine ya mionzi na kuhesabu vishimo kwenye hadubini, hakuambiwa.

Kulwa aliuliza kwa nini wawe ndugu. Modest akamwambia ndugu wanalingana, kwa hiyo tofauti yoyote itakayotokea imeletwa na dawa. Akaitikia kwa kichwa. Ni maelezo mazuri. Lakini yeye alisikia kitu kingine: jozi thelathini za Kulwa na Doto, na kijiko kimoja.

Alipofungua chupa asubuhi ya kwanza, kabla hata kifuniko hakijatoka vizuri, alijua. A ilinuka mzinga. Si asali, mzinga wenyewe, gome na moshi na ule utomvu unaogandia kwenye vidole vya baba. Rangi unaweza kuiiga, na uchungu pia, lakini pua ya mtoto wa mrina asali ni vigumu kuidanganya. Hapo alipaswa kwenda kumwambia Modest kwamba siri haiko tena. Hakwenda. Alijiambia kujua si kosa, kosa ni kutenda.

Siku ya tatu wakaanza kupinda migongo. Manyoya yakasimama, macho yakawa mistari, mikia ikalowa. Katika jozi ya kumi na saba, ndugu wa A alikuwa bado anatafuna chakula kwa uvivu. Ndugu wa B ameketi pembeni, uso ukutani. Kulwa akamnywesha wa A. Kijibomba kilipotoka, kwenye ncha kilibaki tone. Akamchukua wa B, akamnywesha maji yake kama fomu ilivyosema, kisha akampelekea lile tone mdomoni.

Akalilamba. Akaomba lingine kwa ulimi.

Ulimi uonje tu. Kufika jioni walikuwa wameonja wote thelathini. Kesho yake tone likawa mawili, na keshokutwa hakuhesabu tena. Uzito wa kila panya aliuandika ulivyokuwa, gramu kwa gramu, hakupunguza wala kuongeza. Matone hayakuwa na safu kwenye fomu, na yeye hakuchora safu.

Nyumbani Doto alikuwa na salamu moja kila Kulwa akirudi kutoka kwa panya. "Wanangu wameamkaje?"

"Wanakuzidi kula."

"Wao wana mpishi. Mimi nina wewe."

Na Kulwa angecheka huku akibadilisha shuka. Kwa siku zile sita, nakuambia, alikuwa mtu mwenye furaha.

Wiki mbili baadaye Modest akawaita kuzunguka meza, akapasua bahasha. Najiat akasoma hesabu zake. Katika thelathini wa A walinusurika kumi na tisa. Katika thelathini wa B, kumi na saba. Vishimo kwenye utumbo, karibu sawa. Wa maji walitarajiwa kunusurika watano, sita wakizidi. Modest aliirudia karatasi mara tatu, kisha akamwuliza Najiat kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali, kama mashine haikupiga pungufu siku ile. Najiat akaenda kuikagua upya, dakika kwa dakika. Alirudi macho mekundu. Alisema haoni kosa, lakini lazima liwe lake, maana maji hayaponyi.

"Ama mashine ilidanganya, ama nyuki," alisema Modest. "Mashine imekaguliwa. Nitaandika kilichopo: dawa haijazidi maji. Mwisho wa mwezi tunafunga."

Kulwa alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Najiat. Alifungua mdomo. Ukatoka mwaliko wa chai, akaenda kuichemsha.

Siku hiyo alimwambia Doto. Alimwambia akiwa ameinamia beseni anafua vitambaa vya mgonjwa, maana mambo mengine husemwa vizuri ukiwa na cha kufanya mikononi. Alimweleza yote, chupa, pua, tone, bahasha, mpaka macho ya Najiat. Doto alikuwa amelala kwenye mkeka mlangoni, apate hewa. Alikuwa amekwisha sana.

"Kwa hiyo ipo dawa," alisema.

"Sijui."

"Unajua. Umeiona inafanya kazi kwa wasiotakiwa." Akavuta pumzi. "Na mimi, Kulwa? Mimi ni chupa gani?"

Kulwa akakamua kitambaa. Akakikamua tena kilipokuwa hakina maji.

"Mama yetu, Mungu amweke pema, alitulambisha wote wawili, tukapona wote wawili," Doto akaendelea, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Mpaka leo hakuna ajuaye kama ni dawa iliyotuponya au ni bahati. Yeye hakuhitaji kujua, alikuwa na wawili tu. Hao wanaokwenda Mwanza kupigwa mionzi ni wangapi? Nenda kaseme, Mama Panya. Umenipikia vibaya miezi minne sijakushtaki. Hili nitakushtaki."

Kulwa akaahidi kusema Jumatatu.

Jumapili asubuhi tumbo la Doto likawa gumu kama ubao. Utumbo ulikuwa umetoboka. Bajaji ikawapeleka hospitali akiwa amelala mapajani mwa dada yake, mkono umeshika kola ya blauzi, na kabla ya saa sita mchana mkono ule ukaachia.

Akazikwa Jumanne. Kwaya ya jumuiya iliimba, wanawake wa sokoni walikuja na michembe kwa sababu hawakujua kingine cha kuja nacho. Pale msibani palitokea jambo dogo. Shangazi yao, Suzana, mzee aliyewajua tangu tumboni, alitoka jikoni amemletea Kulwa chakula kwenye sahani mbili. Mazoea. Alipofika katikati ya uwanja akaona alichobeba. Akasimama palepale, sahani moja kila mkono, hajui ya pili aiweke wapi, na hakuna mtu aliyenyanyuka kumsaidia.

Ijumaa Kulwa akarudi kazini. Hakuwasalimu panya. Alikwenda moja kwa moja ofisini, akamkuta Modest na Najiat, akasema yote akiwa amesimama, bila kulia, kuanzia harufu ya mzinga mpaka tone la mwisho. Alisema Najiat hana kosa na mashine haina kosa.

Najiat alikaa chini polepole kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao ulishaanza kuwa wake. Modest aliuliza maswali ya kazi. Matone mangapi. Tangu siku gani. Panya wote au baadhi. Aliandika yote. Mwisho akaweka kalamu.

"Uzito nao ulinidanganya?"

"Uzito ni kweli, Daktari."

"Ungenidanganya uzito ningekufukuza leo." Akatazama nje. "Barua ya kufunga sijaituma. Nitaandika kilichotokea, na tutarudia. Sitini wengine. Wa B wapate maji, Mama Leonia. Maji tu, mpaka mwisho."

Kulwa akamwambia amtafute mtu mwingine, yeye pua yake itajua tena hata wakizifunika chupa kwa asali. Modest akamtazama Najiat, na Najiat akaangalia mikono yake. Siku zile za msiba alijaribu yeye kunywesha panya watano. Wawili aliwatoboa koo. Mmoja alichukua saa mbili kufa.

"Mkono wangu haujatulia, mama," alisema. "Nimejaribu."

Basi ikawa hivi: asipokubali, watateseka wote, wa A na wa B, mikononi mwa watu wanaojifunza. Akikubali, atakuwa yeye, kwa mkono wake ulio mwepesi kuliko yote pale, anayemnyima ndugu mmoja kilichopo mbele ya pua yake.

Aliomba apewe muda mpaka Jumatatu. Jumatatu alikuja na sharti. Fomu ilisema panya akipoteza theluthi ya uzito wake ndipo alazwe usingizi asiamke. Yeye alitaka robo.

"Fomu imepitishwa na kamati," Modest akasema.

"Kamati haijawahi kumshika panya wa theluthi. Mimi nimewashika. Anakuwa mfupa unaotetemeka, Daktari, na anakutazama. Mlishajua atakufa, mnangoja nini tena? Nitawapa maji. Lakini wasingoje."

Modest aliandikia kamati. Kamati ilichukua wiki tano, ikakubali robo. Kwa muda huo wakazaliwa wengine, wakakua, wakachaguliwa wawiliwawili.

Nikwambie siku ya tatu ilivyokuwa, halafu nikuachie. Migongo ilipinda kama mara ya kwanza. Kulwa alifika jozi ya tisa. Akamnywesha wa A, kijibomba kikatoka, na kwenye ncha likaning'inia tone, la kahawia, linanuka pori la baba yake. Akachukua pamba akalifuta. Akaitupa pamba kwenye ndoo yenye kifuniko, na akafunika. Kisha akamshika ndugu wa B, akampa maji yake, akamweka mezani mbele yake kwa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Mnyama aliinua pua kuelekea vidole vyake, akatoa ulimi, akatafuta. Vidole vilinuka sabuni.

Kufika siku ya tano alikuwa amewabeba kumi na wanane wa B mpaka meza ya Najiat walazwe usingizi wasiamke, mmoja mmoja, kwenye kiganja, akiwafunika kwa kiganja kingine wasione taa. Wa A alibeba wanne. Hakuna aliyetamka hesabu ile kwa sauti. Modest hakutaka isemwe kabla ya bahasha, na bahasha, ninapoandika haya, bado imefungwa.

Asubuhi hizi bado anasukuma baiskeli kwenye kimwinuko kile. Mlinzi anasema siku hizi akifika mlangoni husimama kidogo kabla ya kusema mwangaluka, kama mtu anayesubiri aulizwe kwanza jambo. Doto aliuliza yeye ni chupa gani, akafa hajajibiwa. Ungekuwa wewe umeinamia lile beseni, ungemjibu nini?